Kura Kwetu

Jumatatu, 3 Machi
Sala ya asubuhi, chai, kisha ofisini. Siku sita zimebaki nikabidhi fimbo. Fridah, katibu wangu tangu niwekwe wakfu kuwa askofu, ananisaidia kupanga mafaili. Kazi haiendi. Kila karatasi inanichelewesha. Leo ni picha ya kipaimara cha kwanza nilichotoa nikiwa askofu: kofia kubwa kuliko kichwa, mvua ya Kakamega imeninyeshea hadi soksi. Marehemu mama yuko nyuma, analia. Sijawahi kufurahi tena kama siku ile.

Jumanne, 4 Machi
Faili la uhamisho. Ndani yake barua ya miaka kumi na minane iliyopita, kutoka kwa wazee wa parokia moja upande wa Sigalagala. Wanamlalamikia Kasisi Zablon, rafiki yangu wa chuo. Sikuwa na miwani, Fridah akanisomea. "Kasisi wetu anakataanga kura kwetu. Wazee wameona hii ni dharau."

Akacheka. "Maskini. Si angeonja tu kidogo?"

Nikauliza aonje nini.

"Ingokho, Baba Askofu. Wazee wakikuchinjia kuku ukatae, si watakasirika?"

Kula. Waliandika wanavyotamka. Mimi nilisoma kura. Uchaguzi wa baraza la parokia ulikuwa karibu, nikaamini Zablon anauzuia ili abaki na watu wake. Nikamhamishia Mautuma kwa barua ya mistari mitatu, sababu nikaandika kura. Sikumwita. Sikumuuliza.

Jumatano, 5 Machi. Jumatano ya Majivu
Vidole vyeusi tangu asubuhi. Nawaza chuo tu. Mwalimu wa Kiswahili alitusimamisha mimi na Zablon mbele ya darasa tutamke: rula ya Lulu imo katika lori. Wenzetu wa pwani walicheka hadi machozi. Zablon akacheka nao. Mimi niliona aibu, nikafanya mazoezi muhula mzima mpaka ulimi ukanyooka. Nimejivunia ulimi huo maisha yangu yote. Nikasahau watu wangu wanavyoandika.

Likizo tulikuwa na baiskeli moja. Mmoja anaendesha, mwingine kakalia keria na Biblia mbili, tunahubiri popote tunapokaribishwa. Hata wakati ule Zablon hakutaka mjane amchinjie kuku wake wa mwisho. Alikuwa anasema ameshiba. Mimi nilikula sehemu yangu na yake. Mimi ndiye niliyepaswa kujua.

Alhamisi, 6 Machi
Siwezi kustaafu na jambo hili. Kesho naenda kwake. Rahel, mke wangu, amesema neno moja tu: "Enda, lakini usivae kola." Dereva nimempa ruhusa. Naogopa kama siku ya mtihani.

Ijumaa, 7 Machi
Mautuma. Baridi, mahindi, vumbi. Zablon amestaafu, ana ng'ombe wawili na mgongo mbaya. Nilisema yote nikiwa nimesimama. Alinisikiliza hadi mwisho. Ndiyo, alikataa kuku. Mwaka ule nyumba nyingi zilikuwa na njaa.

"Nilingoja uniulize," akasema. "Mwaka wa kwanza nilingoja sana."

Anataka kitu kimoja. Niyaseme hayo Jumapili katika ibada ya kuniaga, parokia zote zikisikia. Watoto wake walikua wakiitwa watoto wa mwizi wa kura. Nimekubali. Njiani hasira ilinishika, hasira ya kijinga. Hotuba yangu ya kuaga nimeiandika mwezi mzima.

Jumamosi, 8 Machi
Kamati inataka hotuba ikachapishwe. Nimewaambia hakuna hotuba. Mwenyekiti anasema nitaiharibu siku. Huenda.

Jumapili, 9 Machi
Nimesema. Kwenye kura na kula kanisa zima liliangua kicheko. Nilipotaja jina la Zablon likanyamaza. Mzee aliyeandika barua bado yuko hai. Alisimama na bakora yake, amechanganyikiwa kweli. "Lakini mimi niliandika kura, Baba Askofu. Kura ya mdomo, kura kuku."

Kisha nikakabidhi fimbo. Mkono ulibaki mwepesi, sikujua niuweke wapi.

Nje Zablon alinijia na watoto wake wote watatu. Aliniita Joramu, kama zamani. Amenisamehe, alisema wazi mbele yao. Nilifurahi mno, nikaropoka: sasa jina lako limesafishwa, utarudi nyumbani lini?

Akasema harudi. Mkewe amezikwa Mautuma.

Nilijua. Mazishi yale nilituma mwakilishi.