Kurasa Ishirini za Mtoto wa Saba

Jumatano, tarehe 12, saa nane mchana

Dada yangu,

Mkuu wa chuo ametangaza leo saa nne asubuhi, mbele ya wanafunzi thelathini na mmoja na wakufunzi wote wanne, kwamba nimekuwa wa kwanza katika kozi ya malezi na elimu ya awali, na kwamba nafasi pekee ya kazi iliyokuwa ikigombewa mwaka huu nimepewa mimi. Ni ualimu wa watoto wadogo, mkataba wa miaka miwili, kuanzia Jumatatu. Nimetaka ulisikie kutoka kwangu, maana fomu ya kujiunga uliniletea wewe, ikiwa na unga wa bekari kwenye pembe zote nne.

Baada ya hayo, nakusalimu. Mgongo wako unaendeleaje? Umeanza kula? Jumapili gauni lako la bluu lilikuwa likikuning'inia kama limetundikwa msumarini. Mimi ni mzima, ila macho yananiwasha kwa kusoma.

Najua habari unayoitaka ni moja tu. Mwanao Kifungo hajambo. Nilimwona jana kupitia dirisha la kituo cha watoto alikopelekwa. Leo anatimiza siku ya ishirini na tatu. Anakula na analala. Wamemvalisha fulana, haina kifungo hata kimoja, kwa hiyo mikono yake haina kazi. Alikuwa akifunga na kufungua hewa. Nilifikaje kwenye dirisha hilo, nitakueleza.

Kwanza nikueleze kuhusu kozi. Katika muhula wa mwisho kila mwanafunzi huchagua mtoto mmoja kwenye shule ya awali ya chuo, akamtazama kwa wiki kumi na kuandika kurasa ishirini. Anayesimamia ni mkufunzi mmoja mtu mzima, miwani yake ameifunga kwa uzi, tunamwita Bibi Kalamu. Siku ya kwanza alitupa masharti. Usiandike jina la mtoto, andika namba yake ya daftari. Usieleze sababu ya jambo, andika ulichokiona na saa uliyokiona. Usimguse mtoto wala kumsaidia. Uwe kama kabati. Na usichague mtoto wa ndugu yako, kwa sababu jicho la ndugu linaongopa. Atakayevunja hilo la mwisho, alisema, atafukuzwa chuo na hatafundisha mtoto mahali popote.

Mwenzetu mmoja aliyekuwa fundi cherehani alilalamika kuwa mtoto wake analala tu tangu kufika mpaka kuondoka, sasa aandike kurasa ishirini za kukoroma? Bibi Kalamu akamwambia aandike anakoroma kwa ubavu gani. Tulicheka. Mimi nilishachagua. Nilimchagua Mtoto wa Saba.

Kazi yangu ilisomwa darasani mara mbili. Bibi Kalamu alisema katika miaka kumi na tisa hajaona jicho kavu kama langu. Nakunukulia kidogo. Ukurasa wa tatu: saa mbili na dakika tano, Mtoto wa Saba ameingia peke yake langoni, hakuna mtu mzima aliyefuatana naye. Ukurasa wa sita: amevaa nguo za jana, doa la rangi ya kijani liko palepale kwenye kola. Ukurasa wa tisa: amekula mkate wake, kisha mkate wa jirani yake, kisha ameokota makombo mezani kwa kidole kilicholowekwa mate. Ukurasa wa kumi na nne: ameanguka kwenye ngazi, goti linatoka damu, ametazama huku na huku, hakumwendea mtu mzima yeyote. Ukurasa wa kumi na saba: mkono wa kushoto juu ya kiwiko una alama nne nyekundu, ndefu, zilizopangana, na moja upande wa pili.

Baada ya ukurasa wa kumi na saba Bibi Kalamu aliniita ofisini. Alisema sheria inamtaka apeleke kurasa hizi kwa afisa ustawi wa jamii. Aliniuliza kama nina la kuongeza. Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Nilisema sina. Akauliza tena kama nina hakika, kwa kuwa karatasi ikishatoka mezani pake hairudi. Nikasema nina hakika. Siku nne baadaye afisa alikuja bekari na askari wa kike, ukatolewa kwenye unga mbele ya wenzako.

Ndiyo, dada. Mtoto wa Saba ni Kifungo.

Kwa hiyo jirani yako wa mlango wa pili hakusema neno. Siku ile ulipompigia kelele uani, ukamwambia Mama Redio leo nimekutoa betri, alilia na kuapa kwa watoto wake watatu kuwa hajui hata ofisi ya ustawi iko mtaa gani. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako na beseni la nguo. Nilisema mwenye mdomo ule hashindwi kitu. Wewe ukageuka, ukanishukuru kwa kusimama upande wako. Mama Redio amehama Ijumaa iliyopita. Ukikutana naye, utajua la kumwambia.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya niandike.

Kwa miezi mitano ulikuwa ukimleta Kifungo chumbani kwangu kabla hujaenda zamu ya alfajiri, amelala begani, pamoja na mfuko wenye nusu mkate, chupa ya maziwa na nguo safi zilizopigwa pasi. Kazi yangu ilikuwa kumwamsha, kumlisha, kumvalisha na kumfikisha shuleni saa mbili, ili wewe umchukue saa nane. Nilikuomba usimwambie mtu, kwa sababu mwenye nyumba yetu hapangishi chumba chenye mtoto. Na afisa alipokuuliza nani humtayarisha mtoto asubuhi, ulimjibu kuwa ni wewe mwenyewe. Uliniambia jioni ile kwamba umeona bora lawama ikuangukie wewe kuliko mimi nifukuzwe nyumba nikiwa na mtihani. Nilikwambia asante, dada. Ulinipikia.

Mkate niliula mimi. Si kila siku; siku kumi na moja, nimezihesabu. Maziwa nilitia kwenye chai ili nikae macho. Nguo safi nilizirudisha kwenye mfuko zikiwa zimekunjwa kama zilivyokuja, kwa kuwa kumvua na kumvalisha kulinipotezea robo saa, naye anataka kufunga kila kifungo mwenyewe. Nilikwambia shuleni wanachezea nguo kuukuu na hizi ni za akiba, ukaamini, ukazileta tena kesho yake.

Aliingia langoni peke yake kwa sababu nilimwacha kwenye kona ya duka la viatu, hatua hamsini kabla ya lango, ili mtu asituone pamoja. Nilimpa dakika mbili, kisha nikaingia na daftari langu, nikaketi kwenye kiti cha mchunguzi, nikaandika kuwa ameingia peke yake. Nilimfundisha asiniite Mama Mdogo tukiwa kule. Tulifanya mazoezi chumbani: akikosea, mkate naurudisha kabatini. Alijifunza kwa siku tatu. Alipoanguka kwenye ngazi alinitazama mimi. Alifungua mdomo, akaufunga, akasema taratibu, Mwalimu, kisha akakaa chini akaishika damu yake. Mimi nilikuwa kabati. Niliandika hakumwendea mtu mzima yeyote.

Alama za mkononi ni za vidole vyangu. Asubuhi ile alishika sketi yangu kwenye kona na hakutaka kuiachia. Ilikuwa saa mbili kasoro dakika tatu. Nilimbandua.

Usidhani nilipanga. Wiki ya kwanza nilimchagua kwa sababu ndiye mtoto niliyemjua, nikaona kazi itakuwa nyepesi. Ukurasa wa tatu ulisifiwa darasani, mimi ambaye sikuwahi kusifiwa darasani tangu nizaliwe. Nikataka wa sita nao usifiwe. Baada ya hapo niliona kuwa siku nikimlisha na kumvalisha vizuri sina cha kuandika.

Kikao cha kuamua Kifungo atakaa wapi ni kesho Alhamisi, saa tatu asubuhi, chumba namba tatu. Umeniomba nije niwe shahidi wako. Nitakuwepo, ila nitakaa upande wa afisa, kama mwanafunzi aliyeandika. Afisa ameniambia nitaulizwa swali moja: kama yote yaliyo kwenye kurasa ishirini niliyaona kwa macho yangu mwenyewe. Nitajibu ndiyo. Hakuna aliyepanga kuniuliza lingine, na mimi na wewe tuna majina tofauti ya ubini, kwa hiyo hawatajua, labda uwaambie. Sidhani utawaambia. Nimekutazama maisha yangu yote, na hujawahi kuniacha nichapwe.

Kutoka hapa mpaka kwako ni mwendo wa dakika ishirini. Barua hii naipeleka posta. Karani amesema itakufikia Ijumaa.

Ijumaa hiyohiyo saa nne ni mahafali. Kila mhitimu ana viti viwili vya ndugu. Kimoja nimeandikisha jina lako. Na kuhusu lile dirisha: kazi niliyopewa ni ya kituo hichohicho. Jana nilikwenda kuonyeshwa darasa. Kuna watoto kumi na tisa. Mlezi wa zamu aliwaambia nitakuwa mwalimu wao mpya, wakaitikia kwa pamoja, Kifungo akiwemo, nusu sauti nyuma ya wenzake. Msimamizi akasema huyu mdogo ana adabu, hajawahi kumsumbua mtu.

Nisalimie wenzako wa zamu ya alfajiri, hasa yule mzee wa tanuri anayekubebea magunia. Jikande mgongo kwa maji ya moto. Nimekuwekea sahihi yangu kamili hapa chini, pamoja na tarehe na namba yangu ya chuo, ili barua hii ikitakiwa mahali isikataliwe.

Mdogo wako,
(Sahihi)
Mwanafunzi namba 17
Tarehe 12

Nimeuliza kwa ajili yako. Uamuzi ukitolewa kesho, rufaa hupokelewa ndani ya siku kumi na nne, dirisha namba mbili. Siku ya mwisho ni Alhamisi tarehe 27. Hufunga saa tisa na nusu alasiri.