Cheti cha Bahari ya Barafu

Bi Kadija mshauri wetu, assalaam alaykum, naomba unipokee mzigo huu, umenielemea. Mume wangu Uthman, mzaliwa wa Chundwa, kijiji cha mabaharia, ni afisa wa meli, na mwaka huu alipata kazi kwenye meli ya mizigo iendayo bahari za barafu huko kaskazini mwa dunia, na sheria za kimataifa zinataka afisa wa zamu awe amesomea maji hayo, lakini yeye akawaka, "Mtu wa Chundwa afundishwe bahari?", akanunua cheti kwa wakala, na cheti chenyewe kinasema alikuwa darasani siku zile zile alizokuwa hapa Langoni akisimamia masufuria ya pilau kwenye harusi ya dadake! Nikamsihi, hakusikia, mamake akamsomea Yasini, sanduku likafungwa, nami nikaitoa nambari ya kampuni kwenye mkataba wake nikawapigia, nikasema cheti ni cha uongo. Wakamwondoa safarini, wakasema akisoma kweli watamfikiria. Alhamdulillahi, nililia kwa furaha, na siku ya tatu yeye mwenyewe akaniambia ameshukuru, kwamba alikuwa akiogopa ila aliona haya kurudi nyuma na mji mzima umeshamuaga, na sasa anakula, anacheka, analala. Lakini anaamini aliyemchongea ni rafiki yake Hesbon, aliyesoma naye Mombasa na aliyejua siri ya cheti, na hapokei tena simu zake. Nikisema ni mimi, si ataniacha? Nikinyamaza, Hesbon je?

Swafiya, Langoni, Amu

Bi Swafiya,

Waalaykum salaam. Kwanza pumua, mumeo yuko nyumbani. Kule barafu huganda juu ya sitaha mpaka meli ikazidiwa uzito ikapinduka, na anayeanguka majini huenda asiwahi hata kumaliza kutamka shahada. Ndiyo maana sheria ikataka watu wasomee. Haikutungwa kuwadharau watu wa Chundwa. Uthman angeshika zamu na roho za wenzake mkononi, na alichosomea ni pilau!

Lakini wewe nawe! Unastarehe, Hesbon akubebee lawama? Hiyo ni dhulma, mwanangu, na kila siku unayonyamaza unaizidisha.

Mwambie leo, mkishakula cha mchana, mama mkwe asiwepo. Usizunguke. Sema, "Ni mimi niliyepiga simu, niliogopa kukupoteza." Kisha ampigie Hesbon amtake radhi, nawe uko papo hapo. Halafu ajiandikishe mafunzo, na safari hii aende darasani kwa miguu yake mwenyewe.

Wauliza kama atakuacha. Sidhani. Atanuna, pengine atasusa chai yako wiki nzima. Mwache anune. Wajane hawana wa kuwanunia.