Kumi na Moja kwa Kumi na Moja

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla ya Jumamosi, kwa maana Jumamosi saa nne asubuhi nitasimama mbele ya makopo mawili ya kahawa, na watu ishirini na wawili watakuwa wananitazama, na sijui nifanye nini.

Mimi ni mjane wa miaka themanini na minne, naishi peke yangu kwenye shamba la marehemu mume wangu, Merle, huku milimani Pennsylvania, ambako ukimpigia simu askari wa kaunti anafika baada ya dakika arobaini kama hakuna theluji, na dubu aliyeingia kibarazani hangoji dakika arobaini, kwa hiyo bunduki kwangu si mambo ya kupigia kelele mikutanoni, ni kama komeo la mlango, na katika kila uchaguzi jambo la kwanza ninalolitazama kwa mgombea ni kama ataniachia komeo langu. Jumanne ya wiki ijayo ni mchujo wa chama chetu, wa kumpata atakayegombea useneta wa jimbo, na waliobaki ni wawili. Mmoja ni Brock Tressler, kijana wa miaka arobaini mwenye sauti kama tarumbeta, anayesema hatakubali sheria hata moja mpya ya bunduki, hata nusu, hata robo. Wa pili ni Arlene Hoffecker, aliyekuwa jaji wa kaunti, mama mpole anayewinda bata mzinga kila mwaka kule bondeni kwetu, lakini amesema anaweza kukubali kwamba jirani akimuuzia jirani bunduki ndefu ya kuwindia, wapitie kwanza kwenye duka lenye leseni, wajaze karatasi, mnunuzi aangaliwe kama ana kesi. Na Novemba, atakayepita atakutana na Daktari Prentiss Lang wa chama kile kingine, ambaye ametamka waziwazi kwamba anataka kila bunduki ya jimbo hili iandikwe kwenye daftari la serikali, namba yake na jina la mwenyewe.

Hapo kwenye daftari ndipo magonjwa yangu yanapoanza, Mshauri, na sijawahi kumwandikia mtu jambo hili. Nilizaliwa Hungaria, karibu na mpaka wa Austria, na baba yangu alikuwa mwalimu wa shule aliyependa kuwinda sungura. Nilipokuwa na miaka minane alikuja karani, mtu mwenye adabu, akanywa chai kwetu, akaandika namba ya bunduki ya baba. Mwaka uliofuata walikuja wawili, wakaisoma namba ile kwenye karatasi kabla hata baba hajaitoa bunduki kabatini, wakaondoka nayo. Mwaka wa tatu walikuja wanne, na hawakuwa wamefuata bunduki. Mimi nilivuka mpaka kwa miguu nikiwa na miaka kumi na mitano, na tangu hapo nimeishi Amerika karibu miaka sabini, nimeolewa hapa, nimezika hapa, nimesoma vitabu vya historia hadi macho yakachoka, najua kabisa kwamba nchi hii si ile, lakini nikisikia neno daftari vidole vyangu vinakuwa baridi hata mwezi wa saba.

Sasa klabu. Klabu yetu ya wawindaji ina wanachama ishirini na watatu, na Merle alipofariki nilirithi kiti chake, mwanamke peke yangu. Kabla ya kila mchujo klabu huamua itamuunga mkono nani kwa utaratibu wa zamani: kila mtu huleta ganda tupu la risasi iliyomwangusha kulungu wake wa mwisho, hulitumbukiza hadharani kwenye kopo la mgombea wake, kisha barua ya klabu hupelekwa kwa klabu nyingine zote za kaunti, na wengi huifuata, kwa sababu wanajua sisi si watu wa maneno mengi. Jumamosi iliyopita waliingia mmoja mmoja, na mimi kama kawaida nilikuwa wa mwisho, kwa sababu ya miguu, na nilipofika mezani mwenyekiti wetu, Clyde Stahlman, alikuwa ameshahesabu. Kumi na moja kwa Tressler, kumi na moja kwa Hoffecker.

Ukumbi mzima ukaniangalia.

"Haya, Bibi Piri," akasema Rusty, mpwa wa Merle, mtu mzima wa miaka hamsini anayenikatia kuni kila vuli, "tumalizie kazi tukale soseji. Tressler ndiye mwanamume."

"Mwanamume wa kushindwa," akasema Clyde. "Miaka minne iliyopita mlituletea wa namna hiyo hiyo. Novemba akapigwa hadi mbwa wake akaona haya kubweka."

Watu wakacheka, Rusty hakucheka. "Afadhali kushindwa ukiwa na msimamo kuliko kushinda na jaji anayenusa upepo."

"Msimamo huo Januari utautundika ukutani, pale ilipokuwa bunduki."

"Clyde, wewe umezeeka, umeanza kuogopa kivuli!"

"Naogopa hesabu, kijana. Hesabu haina umri."

Kisha Rusty akanigeukia, akasema polepole, na hilo ndilo lililoniumiza, "Bibi, wewe kuliko sisi wote unajua wanavyoanza. Huanza na karatasi moja. Umetuambia mwenyewe."

Ni kweli, niliwaambia. Nikamwangalia, nikaangalia makopo, nikasikia kama nina miaka minane tena, nikasema tumbo linaniuma, nikatoka na ganda langu mfukoni. Clyde akanifuata hadi kwenye gari. "Tutakungoja hadi Jumamosi, Bibi," akasema. "Lakini usije tena na tumbo."

Mshauri, nikimchagua Tressler, naamini atashindwa Novemba, maana miji ya chini kule watu hawampendi hata kumsikia, na daktari ataleta daftari lake. Nikimchagua jaji, huenda atashinda, lakini yeye mwenyewe ndiye aliyetaja ile karatasi ya kwanza. Kila njia ninayoitazama, mwisho wake ni karani anakunywa chai kwangu. Tena nina hofu ya pili, ndogo, ya aibu: nikiwaudhi kina Rusty, nani atanikatia kuni, nani atagundua nikianguka kisimani? Basi nimewaza hivi: Jumamosi nilitumbukize ganda kwa Tressler ili roho za kina Rusty zitulie, halafu Jumanne, nyuma ya pazia la kituoni, nimpigie kura jaji. Hakuna atakayejua. Je, nitakuwa nimefanya kosa?

Ni mimi, Piroska, mama wa shamba la juu.

* * *

Bi Piroska,

Pole kwa baba yako. Nimeusoma ule mstari wa mwaka wa tatu mara mbili, na nikaweka barua chini nikatoka nje kidogo. Sitakuambia usiogope. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na wewe hukuona ung'ongo, ulimwona nyoka mwenyewe.

Lakini ndiyo, utakuwa umefanya kosa, na ni kosa la mtu msomi kama wewe kulionea aibu. Hebu fikiri. Ganda lako la Jumamosi ndilo linaloamua barua ya klabu, na barua inafuatwa na mamia ya watu. Kura yako ya pazia ni moja. Unataka kumpa Tressler mamia mchana, halafu umpe jaji moja kwa siri, kisha ujiambie umemchagua jaji? Huko ni kumdanganya Rusty, kumdanganya Clyde, na kujidanganya wewe. Wanaume ishirini na wawili wanaweka ganda lao hadharani ili kila mtu asimame na neno lake. Kama hutaki kusimama, rudisha kiti cha Merle.

Na kuni, mama yangu! Mpwa anayekukatia kuni kila vuli na kukuita bibi, unamdhania kwamba atakuacha ugande kwa baridi kwa sababu ya seneta? Umemdhulumu katika mawazo yako. Mwambie wewe mwenyewe, kabla ya Jumamosi, uso kwa uso, utakachofanya na kwa nini. Atafoka. Mwache afoke.

Sasa tuje kwenye uamuzi. Umeniandikia kwamba Tressler atashindwa. Unajuaje? Kwa Clyde. Umeniandikia kwamba karatasi ya jaji ni sawa na daftari la daktari. Unajuaje? Kwa hofu. Hakuna hata mmoja kati ya hao wawili uliyemuuliza swali. Mpiga kura anayejali jambo moja tu anapaswa kulijua jambo hilo hadi mizizi, si kulisikia kwa mbali.

Kesho nenda ofisi ya uchaguzi ya kaunti, uombe matokeo ya chaguzi mbili zilizopita za kiti hiki, kituo kwa kituo. Hayo si siri. Tazama miji ya chini. Kama yule mgombea wenu wa miaka minne iliyopita alipoteza huko kwa kura chache, Clyde anatia chumvi, na Tressler anaweza kushinda. Kama alizama, basi unajua, huogopi tena kwa kubahatisha. Ijumaa Tressler atakuwa kwenye duka la vyakula vya mifugo. Mwulize: nitajie watu wa miji ya chini ambao hawakutupigia kura mara iliyopita na safari hii watakupigia wewe, na kwa nini. Akikujibu kwa kauli mbiu, umepata jibu.

Jaji naye asipone. Mwulize: hiyo karatasi ya dukani itakaa wapi? Nani ana haki ya kuifungua? Nani atazuiwa kuinakili kwenye daftari moja kubwa, na je, utaliandika zuio hilo katika sheria ile ile, au utatuahidi kwa mdomo tu? Karatasi inayobaki kwenye droo ya muuza duka si kitu kimoja na namba inayosomwa mlangoni pako na watu wa serikali, na hakuna mtu katika kaunti hiyo anayeijua tofauti hiyo kuliko wewe. Akijibu wazi, tena mbele ya watu, mpe ganda lako, na Jumanne mpe kura yako, ukijua hupati kila unachotaka bali unapata anayeweza kusimama Novemba na kukuzuilia daftari. Akibabaika, akianza kuzunguka mbuyu, mpe Tressler vyote viwili, na ushindwe naye kwa haki kama ni kushindwa. Lakini chochote utakachofanya Jumamosi, kifanye hicho hicho Jumanne.

Nimepiga simu kwa niaba yako. Jaji Hoffecker atakuwa kwenye ukumbi wa wazimamoto Alhamisi hii, kwenye chakula cha jioni cha maharage na nyama ya nguruwe. Watu wanaanza kupakuliwa saa kumi na moja. Wewe fika saa kumi na nusu, kaa safu ya mbele, na maswali yakifunguliwa, mkono wa kwanza juu uwe wako.