Doti Mbili Zilizofanana

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba, shikamoo yako imefika hapa Kivinje. Sote wazima. Mjomba wako kauza korosho, sasa hashikiki.

Umeniandikia kwamba seli za tezi ya shingoni zikiitwa na homoni mfululizo, ujumbe hufika ndani hadi kwenye jeni, na vipokezi vinatengenezwa vichache, ili seli isisikie sana. Kisha ukauliza kama mimi niliwahi kuuzoea ukewenza.

Wakati wa ruksa, bidhaa ziliporudi madukani, babu yako alikuwa akituletea khanga kutoka Dar, doti mbili zilizofanana kabisa. Kila safari alimwambia mke mwenzangu, "Zuhura, chagua wewe kwanza." Mwanzoni nilikosa usingizi. Baadaye maneno yale yakawa kama redio ya jirani, nikadhani nimepona.

Zuhura akaenda kwao Sudi kumuuguza mama yake, mwaka mzima. Aliporudi, babu yako akafungua furushi. "Zuhura, chagua." Moyo uliniwaka kama siku ya kwanza.

Muulize mwalimu wako: seli ikikaa kimya muda mrefu, vipokezi havirudi?

Babu yako tumeshamzika. Jana Zuhura kapita hapa na khanga ile. Bado nzuri kuliko yangu.

Bibi yako