Siku Uliponikabidhi Bunduki ya Upepo

Mpendwa Baba Kabula,

Hujawahi kupata barua kutoka kwangu. Ulipokuwa Geita kwenye mgodi wa dhahabu sikujua kuandika, na nilipojifunza wewe ulikuwa umeshazikwa kando ya zizi. Naandika hivyo hivyo. Juzi mdogo wako Masanja alikuja kunisalimia, akaniambia neno lililoninyima usingizi. Nitalifikia. Kwanza nataka tukumbuke pamoja safari yetu ya Shinyanga.

Ulikuwa umerudi nyumbani Tinde. Jicho moja lilikuwa limeharibiwa na mawe ya baruti, la pili ukasema ni zima, nami nikakuamini. Msimu ule kanga wa porini walikuwa wakifukua karanga zetu kila asubuhi, hata hazijachipua. Mbegu nyingine hatukuwa nayo. Manati haikusaidia, maana kanga hamruhusu mtu amsogelee. Anakimbilia ng'ambo ya kichuguu na kukungoja uondoke. Bunduki ya baruti hatukuimudu. Ukasema, "Ya upepo inatosha, mradi risasi ifike pale kwenye kichuguu ikiwa bado na nguvu." Ukaenda bomani ukapata ruhusa.

Tulipanda lori la pamba. Uliniambia nikusindikize nibebe chakula, nami sikujiuliza kwa nini mkono wako haukubanduka begani kwangu tangu tushuke mjini.

Mwenye duka, mzee wa Kihindi mpole, alileta bunduki tatu. Ya kwanza ilikuwa mpya, kitako kinang'aa, bei yake ya wakubwa. Ya pili ilikuwa fupi na rahisi, nawe ukaikataa mara moja. "Hii ya kuchezea watoto. Risasi itaanguka katikati ya njia." Ya tatu ilikuwa imetumika, imekwaruzwa kila mahali. Ukaukunja mtutu, ukautikisa uone kama umelegea, ukausikiliza ulipoufunga. Ukaniambia taratibu, "Mama Kabula, mng'ao si kitu. Nguvu nayo peke yake si kitu. Tunataka inayopiga pale pale ilipopiga mwanzo."

Mwenye duka akatupeleka uani. Mwisho wa ua kulikuwa na ubao, na juu yake kifuniko cha kopo kimepigiliwa msumari. Ukalenga kwa muda mrefu. Risasi ikapasua shati lililoanikwa kwenye kamba, mbali kabisa na ubao.

"Mzee, shati limekufa!" kijana mmoja wa dukani akapiga kelele, na wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Mtutu umepinda," ukasema.

Mwenye duka akaichukua, akapiga, kifuniko kikalia. Vijana wakazidi kucheka. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Ndipo ukaniinamia ukaninong'oneza, "Niambie, pale mbele kuna nini?"

Pale ndipo nilipojua kwamba huoni.

Ukanipa bunduki, mbele ya wanaume wale. Ukasimama nyuma yangu ukinifundisha kwa sauti ndogo: kitako kiguse bega, pumua nje, kidole kivute polepole kama unayebana chawa. Risasi zangu zote ziliingia ubaoni, chini ya kifuniko. Nikaona nimekuaibisha zaidi. Lakini wewe ulinishika mkono tukaenda hadi kwenye ubao, ukapapasa matundu kwa vidole. "Zimekaa pamoja," ukasema. "Kulenga tutarekebisha. Tunaichukua hii." Mwenye duka akatupunguzia bei na habari ya shati akaisamehe.

Ulinilaza kifudifudi shambani alfajiri zile, nawe ukalala kando yangu ukisikiliza. Ulijua kanga walipo kabla sijawaona. "Bado," ulikuwa ukisema. "Bado. Sasa." Karanga zikaota. Nyama tukala, na kijijini watu wakavumisha kwamba Baba Kabula ana shabaha. Hukuwakanusha, nami sikuwakanusha. Wageni walipokusifia chakulani, nilitenga ugali nikaondoka haraka, uso ukiniwaka.

Halafu Masanja akaja na wenzake baada ya mavuno. Wakanywa pombe, wakakusifu, na mwisho Masanja akasema, "Kaka, tuonyeshe basi. Piga lile buyu lililoning'inia pale."

Nilikuwa mlangoni. Nilifikiri utasema umechoka. Ukaingia ndani, ukatoka na bunduki, ukaweka risasi, ukanitafuta kwa mkono mpaka ukanipata.

"Macho yangu yamebaki Geita," ukawaambia. "Anayepiga ni huyu. Piga, Mama Kabula."

Niliipiga. Buyu likapasuka. Masanja akaweka chini kata yake ya pombe akaondoka bila kuaga. Kisimani wanawake wakaanza kuniita Bwana Bunduki. Mwaka uliofuata, kanga walipovamia shamba la Masanja, alimtuma mkewe kuja kuniomba, na wewe ukaniita mama kwa Kisukuma chetu, ukasema, "Nenda, mayu." Nilikwenda. Masanja alinifuata nyuma akibeba kopo la risasi, bila kunitazama usoni.

Miaka yote ile niliamini nimekubebea aibu. Nilipopita mbele za watu niliinamisha kichwa kwa ajili yako. Na ulipotaka kuanza, "Mama Kabula, siku ile ya buyu..." nilikukatiza. "Yamepita, Baba Kabula. Kunywa uji." Ukanywa. Ulijaribu tena hata ulipokuwa hoi, nikakukatiza tena, nikidhani nakuhurumia.

Juzi Masanja, naye sasa mzee wa mkongojo, aliniambia, "Shemeji, unajua siku ile kilichoniudhi? Si wewe kupiga. Ni uso wa kaka. Mtu ametangaza upofu wake mbele ya watu, halafu anatabasamu kama bwana harusi! Nilimwonea wivu."

Nikamuuliza, "Alitabasamu?"

"Kwani hukumwona?"

Sikukuona, mume wangu. Mimi ndiye niliyekuwa na macho mazima siku ile ya buyu, na nilipokwisha piga nikatazama miguu yangu. Ulikuwa ukijivunia mkeo, nami nikaipokea fahari yako kama fedheha, nikaifungia ndani mpaka ukafa nayo bila kuisema. Naona haya, Baba Kabula. Si mbele ya vijana wa dukani, wala mbele ya wanawake wa kisimani. Naona haya mbele yako.

Jioni nitakuja zizini niketi karibu nawe. Anza kusema habari ya siku ile. Sitakukatiza.

Mkeo,
Mama Kabula