Nyundo ya Mama Kulwa

Katoro, Jumamosi

Mimi nyota yangu inawaka hata mchana. Leo nimeponea chupuchupu kununua pikapu iliyooza, na ni bahati tu, hii niliyozaliwa nayo.

Kwa macho ilikuwa bibi harusi. Chini kote imepakwa rangi nyeusi, mbichi mpaka inanukia. Muuzaji akasema, "Bosi, chasisi hiyo utawaachia wajukuu." Nikamjibu kwamba nimeendesha magari mpaka Lubumbashi, chuma nakijua.

Mke wangu, Mama Kulwa, alikuja na nyundo yake ndogo, ile aliyogongea mawe ya dhahabu machimboni Segese kabla sijamwoa. Akatandika kitenge, akaingia uvunguni.

"Mama, hilo ni gari, siyo jiwe!" muuzaji akamtania.

"Niache nigonge tu, mwanangu."

Ko, ko, ko. Mlio mkavu. Alipofika karibu na tairi la nyuma, ukabadilika: puu. Akarudia kwa nguvu. Rangi ikabanduka, kutu ikamwagika kama ugoro, na nyundo ikazama mpaka kwenye mpini.

Muuzaji akaanza kutafuta simu yake mfukoni.

Na mimi nyuma humo nilipanga kupakia akina mama wa mnadani na watoto wao mgongoni. Nikifikiria chasisi ikatike juu ya lile daraja la njia ya mnadani...

Basi. Pesa ya kiwanja tulichouza bado ipo, nimekula ugali nikashiba.

Bahati sina. Wakati anagonga, mimi nilikuwa kwenye usukani natafuta wimbo redioni, na muuzaji nilishampa mkono kwamba nanunua. Aliyeniokoa ni Mama Kulwa. Hata asante sijamwambia.