Daftari la Mvua la Bwana Maji

Jumapili, Ushetu. Mawingu mazito upande wa magharibi, upepo mdogo, mvua bado. Nimetoka nje kuangalia kabla ya kuandika mstari huu, na sababu yake nitaieleza.

Leo nina furaha. Nina aibu pia, na nitaanza na aibu kwa sababu ndiyo iliyonikaba tangu asubuhi.

Nyumbani kwetu kuna daftari la mvua. Kwa kweli ni sanduku zima la bati, maana kila daftari likijaa hununuliwa jingine. Kila siku saa moja asubuhi mtu mmoja wa nyumba hii hutoka nje, hutazama mbingu, huchungulia kopo la maziwa lililofungwa juu ya nguzo, halafu huandika: upepo, mawingu, mvua. Baba anaandika. Babu aliandika. Kabla yao aliandika baba yake babu, yaani babu mkuu, na yeye alifundishwa na Mwingereza mmoja, ofisa wa jeshi la majini. Ndiyo, jeshi la majini, huku kwetu kwenye tumbaku, ambako maji mengi tunayoyajua ni ya lambo.

Jina la huyo ofisa lilimshinda babu mkuu kulitamka, akamwita Bwana Maji. Ndivyo tunavyomwita hadi leo, kama vile ni mjomba wetu.

Hadithi yake nimeilishwa pamoja na uji. Alichukuliwa na jeshi akiwa na miaka kumi na mitatu, akafundishwa kamba, nyota na mizinga. Alizunguka bahari za China. Alikimbizana na wauza bunduki za magendo kwenye Ghuba ya Uajemi. Akawa luteni, na kila mtu alijua atafika mbali. Kisha usiku mmoja meli ikapanda mwamba akiwa zamu. Hakufa mtu. Lakini kwenye kitabu cha meli alikuwa ameandika kina cha maji ambacho hakikupimwa. Alikuwa amechoka, amelowa, akaandika namba inayofanana na ile ya juu yake.

Basi. Wenzake wakapanda vyeo, yeye akabaki pale pale. Vita ya Waingereza na Wajerumani ilipokuja, wao walipewa manowari baharini. Yeye aliletwa Ziwa Viktoria, kwenye meli ya mizigo iliyofungwa mzinga. Huko ndiko alikompata babu mkuu, mpagazi aliyejua kuhesabu, akamfundisha kupima kina na kuandika hali ya hewa. Cheo cha ukamanda alikipata siku aliyostaafu. Siku ya kuondoka! Nilipokuwa mdogo nilicheka sana hapo. Siku hizi panauma.

Baada ya jeshi alirudi, akaenda Geita kutafuta dhahabu, akamwita babu mkuu. Walichimba misimu kadhaa wakaambulia vumbi. Lakini kila asubuhi, bila meli wala ziwa, Bwana Maji alitoka kwenye hema akaandika upepo na mawingu. Alipokata tamaa na kurudi kwao, alimwachia babu mkuu daftari, penseli na sharti moja: usiandike ambacho hukukiangalia.

Sharti hilo nalijua kuliko sala. Na nimelivunja.

Baba alikwenda Shinyanga kutolewa mtoto wa jicho. Akabaki kwa shangazi karibu wiki tatu ili madaktari wamwangalie. Kabla hajaondoka alinipa penseli. Hakumpa kaka yangu aliyeko Geita mashimoni, alinipa mimi. "Nikirudi tutazungumza habari za daftari," alisema. Nililia kidogo kwenye bajaji nikitoka kumsindikiza. Tangu utotoni nilikuwa naagizwa kumletea baba penseli, na nilitaka siku moja niambiwe niishike.

Niliahidi kulala hapa. Nililala siku tatu. Nina steshenari yangu mjini, Nyasubi, na wanafunzi wa chuo walikuwa wanaleta ripoti za kuchapa kwa mafungu. Nikarudi mjini. Kila Jumamosi nilikuja mbio na bodaboda, nikakaa mezani, nikajaza siku zote zilizopita kwa mkupuo. Jua kali. Mawingu mepesi. Matone jioni. Niliiga hata mkono wa baba. Kitu kilichonishinda ni kumuuliza jirani tu, Mama Kulwa, ambaye huja kila mchana kulisha kuku wetu, akidhani usiku narudi kulala. Niliona aibu ajue kuwa sikulala nyumbani.

Baba alirudi juzi. Leo asubuhi, baada ya shikamoo na marahaba, akaketi uani na daftari. Ni miaka miwili hajasoma mwandiko wake mwenyewe bila kuusogeza puani. Alikuwa anafurahi kama mtoto, anasoma kwa sauti. Mimi nikawa nachambua mchele ambao ulishachambuliwa.

Mama Kulwa akaingia na mayai. "Mwangaluka, Baba Milembe! Macho yamekuwaje?"

"Namwona hadi kunguru kule. Hebu niambie, Jumanne ya wiki iliyopita hapa palikuwaje?"

"Jumanne ya mawe?" Mama Kulwa akaweka kikapu chini. "Yalinyesha mawe makubwa kama hindi bichi! Kitalu changu cha tumbaku kimekwisha, naanza upya. Hata kopo lenu lilianguka. Kwani wewe, bhebhe Milembe, hukumwambia?"

Kopo. Nilikuta kopo chini Jumamosi ile, limebonyea. Nililirudisha juu ya nguzo na kwenda zangu. Majani ya mpapai yalikuwa yametoboka yote, nikadhani ni viwavi. Viwavi! Binti wa nyumba ya mvua.

Baba akanisomea polepole nilichoandika siku hiyo: "Jua kali. Hakuna mvua. Upepo wa kawaida."

Mama Kulwa alielewa kabla sijafungua mdomo. Akakumbuka ghafla kwamba ameacha maharage jikoni.

Sikujitetea. Nilimwambia baba kila kitu, siku zipi nilikuwepo na zipi sikuwepo. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa fimbo yake. Nilikuwa na hakika daftari limeniponyoka, na nilijua ni halali liniponyoke.

Baba aliinuka. Aliingia ndani, nikasikia sanduku la bati likifunguliwa. Akatoka na daftari la zamani lenye jalada lililoliwa na mchwa, akatafuta ukurasa, akanipa nisome. Ilikuwa tarehe niliyozaliwa. Juu yake upepo na mawingu, chini yake upepo na mawingu. Siku yangu ina neno moja tu.

Sikuangalia.

"Mama yako alikuwa anateseka ndani, nami nilikuwa mlangoni," baba akasema. "Baadaye watu waliniambia mvua ilinyesha ya kujaza kopo. Labda. Mimi sikuiona."

"Ungeweza kuwauliza ukaandika."

"Ningeandika yao. Neno hilo linaruhusiwa, Milembe. Bwana Maji angeliandika usiku ule, angekufa na cheo cha admirali." Kisha akacheka, kicheko chake kile cha kukohoa, nami nikacheka huku nafuta machozi kwa mkono wenye pumba za mchele.

Akanipa penseli. Nimekaa hadi saa sita nikipiga mstari kwenye kila siku ya uongo na kuandika neno hilo pembeni. Ukurasa mzima umechafuka. Baba anasema uachwe hivyo hivyo, wajukuu wauone.

Halafu tukazungumza habari za daftari, kama alivyoahidi. Kusema kweli nilitegemea lote. Nimepewa Jumamosi na Jumapili. "Siku nyingine nitaangalia mwenyewe, nimelipata jicho juzi tu," alisema. "Hizo mbili ni zako. Tutaona." Bwana Maji alingoja cheo maisha yake yote, akakipata mlangoni anatoka. Mimi nimepata siku mbili kwa wiki siku ileile niliyokamatwa. Nani kama mimi?

Nimelifunga kopo kwa waya mpya. Pale lilipobonyea nimepaacha.

Kesho ni Jumatatu, si siku yangu. Steshenari itafunguliwa saa nne, wateja watanisamehe. Saa moja nitatoka uani nisimame kando ya baba, nitazame tu.